Kutoka Lubumbashi hadi Mosi-oa-Tunya kwa Gari na Mashua: Mwongozo Kamili kwa Wawili Wenye Kamera

Reli iliyovuka korongo la Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, mwaka 1905 iliendelea kupanda kaskazini, ikapita Kabwe na Ndola, na mwaka 1910 ikafika hapa, mahali palipokuwa panajengwa mji ambao wakati huo uliitwa Elisabethville. Tangu kuzaliwa kwake, basi, Lubumbashi imeunganishwa na maporomoko yale kwa njia moja ya chuma. Hata hivyo, wengi wetu huvuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa kufuata bidhaa, matibabu au mizigo, tukageuzia Ndola au Lusaka, na mzee akafika miaka sabini bila kuyaona.

Mwongozo huu ni wa wawili, mume na mke au wachumba, wanaotaka kwenda Livingstone, mji wa Zambia ulio karibu na maporomoko hayo, kwa gari lao, kupanda mashua kwenye mto Zambezi, na kurudi na picha zinazostahili kutundikwa sebuleni. Mimi na mume wangu tumeifanya safari hii mara tatu. Mara ya kwanza tulihesabu kilomita tu, tukafika kila mahali saa sita mchana, na picha zote zikatoka nyeupe na bapa. Mara ya pili na ya tatu tuliupanga mwanga kwanza, kisha tukazigawa kilomita kuufuata, na hapo ndipo safari ilipokuwa safari. Kila ushauri ulio hapa chini umetokana na mpangilio huo.

Neno moja kuhusu saa, kwa sababu hapa kwetu wengine huhesabu kwa Kifaransa. Nimetumia hesabu ya Kiswahili: saa 12 asubuhi ni ile ambayo tiketi itaiandika 6:00, na saa 10 jioni ni 16:00. Lubumbashi, Zambia na Botswana ziko katika majira yaleyale, kwa hiyo hamtarekebisha saa popote.

Kwanza, chagueni mwezi

Maporomoko hayo yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, lakini sura yake hubadilika mno ndani ya mwaka mmoja. Mvua za kwetu huisha mwezi wa tatu au wa nne, na mtu angedhani kwamba mto hujaa zaidi katikati ya masika, mwezi wa kwanza. Sivyo. Maji ya Zambezi ya juu hutandaa kwanza katika mbuga tambarare za magharibi mwa Zambia, yakatembea polepole kwa majuma mengi, na kilele hufika Livingstone karibu na mwezi wa nne. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano mngurumo husikika mjini, na wingu la manyunyu huonekana kutoka mbali sana, lakini ukisimama mbele ya maporomoko yenyewe unaona ukungu mweupe na kulowa kama uliyeingia mtoni. Ni ajabu kubwa kwa mwili na ni taabu kwa kamera.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ni kinyume chake: maji hupungua kiasi kwamba upande wa Zambia huonyesha ukuta mrefu wa mwamba mtupu wenye vijito vichache. Anayekuja wakati huo kwa ajili ya maporomoko peke yake atasikitika. Anayekuja kwa ajili ya mto atafurahi, kwa sababu wanyama hujikusanya ukingoni, jua la machweo huwa jekundu kwa sababu ya vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, na keremkerem wekundu huchimba viota katika kingo za udongo.

Sisi tumechagua mwisho wa mwezi wa sita na mwezi wa saba, na sioni sababu ya kubadili. Maji bado ni mengi, ukungu umepungua kiasi cha kuuona ukuta wa maji, anga ni safi, na nyasi zimeanza kulala. Asubuhi ni baridi kali kuliko ya Lubumbashi, hasa juu ya maji, kwa hiyo bebeni makoti. Mkishapata mwezi, tazameni kalenda ya mbalamwezi na mpange kuwa Livingstone usiku wa mwezi mpevu au usiku mmoja kabla yake. Sababu nitaieleza mbele.

Karatasi za watu, za gari na za kamera

Hati za watu ni pasipoti zenye muda wa kutosha na kurasa tupu, pamoja na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo msafiri anayetoka Kongo huombwa kuionyesha anapoingia Zambia. Kuhusu viza, ulizeni mapema katika ubalozi mdogo wa Zambia hapa Lubumbashi, na mkitaka kufika Botswana siku moja, shughulikieni viza ya huko kabla ya kuondoka nyumbani, kwa maana mpakani si mahali pa kuanza kuomba.

Gari linahitaji kadi ya usajili yenye jina la mmoja wenu, au barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na mthibitishaji wa hati. Kibali cha muda cha kulitoa nchini kutoka forodha, yaani duane. Na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo hulipia madhara kwa watu wengine katika nchi wanachama, Kongo na Zambia zikiwamo. Nunueni kadi hiyo Lubumbashi kabla ya kuondoka. Upande wa Zambia mtalipia kibali cha kuingiza gari kwa muda, ushuru wa barabara na kodi ya hewa chafu, na kila malipo yana risiti yake. Ziwekeni risiti zote katika bahasha moja, kwa sababu mtaziombwa njiani na siku ya kurudi.

Karatasi ambayo wengi huisahau ni ya vifaa vya picha. Andikeni orodha ya kamera, lenzi na kompyuta, kila kimoja na namba yake ya mfululizo, mkaambatanisha faktura mlizonazo, na mwombe forodha waipige mhuri wakati wa kutoka. Mwenye kamera mbili na lenzi tatu anaweza kudhaniwa mfanyabiashara anaporudi, na karatasi hiyo moja humaliza mazungumzo.

Fedha bebeni dola safi zisizochanika wala kuandikwa, mkabadilisha sehemu kuwa kwacha mara mnapovuka, kwa sababu vituo vya peaji, yaani vya kulipia barabara, vya Zambia hulipwa kwa kwacha na viko vingi.

Vifaa, na nani afanye nini

Hamhitaji mzigo mkubwa. Simu nzuri ya kisasa hutosha kwa maporomoko ya mchana, kwa watu na kwa chakula. Inaposhindwa ni kwa wanyama walio mbali na kwa ndege, na hapo kamera yenye lenzi inayofika milimita 300 au 400 huleta tofauti ambayo hakuna ujanja wa simu utakaoiziba. Ongezeni stendi imara ya miguu mitatu, betri mbili za akiba, na kadi za kumbukumbu mbili au tatu ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika isiondoke na safari nzima.

Kinga ya maji haihitaji kununuliwa ghali. Kofia ya plastiki ya kuogea ile yenye mpira hufunika kamera vizuri kabisa. Tundu moja la lenzi, mpira ukakazwa nyuma ya lenzi, basi. Juu yake weka kipande cha kitenge kikavu, kwa kuwa kitenge kilichofuliwa mara nyingi hufyonza maji bila kuacha nyuzi kwenye kioo. Mimi hubeba vipande sita, vinne mfukoni na viwili kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Kisha mgawane kazi, na mgawanyo huu uwe wazi kabla ya gari kuwaka. Anayeendesha hapigi picha wala hatafuti picha. Anayekaa pembeni ndiye jicho: anasema «simama» mapema, mita mia tatu kabla, na mwendeshaji anaamua kama mahali ni salama. Akisema hapana, hakuna ubishi. Tulikubaliana pia kwamba kila siku tutasimama mara tano tu kwa ajili ya picha barabarani. Idadi hiyo hukufanya uchague, na humwondolea mwendeshaji uchungu wa kusimamishwa kila kona. Mnapofika, mbadilishane: aliyeendesha ndiye anayeshika kamera kubwa kwanza. Bila hivyo mmoja atarudi na picha elfu mbili ambamo mwenzake haonekani hata mara moja.

Barabara: siku tatu, zaidi ya kilomita elfu moja

Siku ya kwanza ni Lubumbashi hadi Ndola. Ondokeni saa 11 alfajiri ili mfike Kasumbalesa, karibu kilomita 90, ofisi zinapoanza kazi. Foleni ya malori ya shaba mtaikuta, na magari madogo hupita pembeni yake. Piteni polepole, kwa sababu watu na pikipiki hutokea katikati ya malori bila kuonekana. Kamera zikae ndani ya begi kuanzia hapo hadi mtakapolipita lango la mwisho la Zambia. Mpaka, polisi, jeshi, madaraja na viwanja vya ndege havipigwi picha, iwe Kongo au Zambia, hata kwa simu iliyoshikwa chini.

Jambo la hatari kuliko yote katika mwongozo huu hutokea mara mlipovuka: Kongo tunaendesha kulia, Zambia wanaendesha kushoto. Kwenye lami ndefu yenye magari mengine si vigumu, maana unawafuata. Makosa hutokea unapotoka kituo cha mafuta, unapoingia kwenye mzunguko, na asubuhi na mapema barabara ikiwa tupu. Mume wangu huniomba niseme «kushoto» kwa sauti kila tunapoanza kutembea, na nimesema hivyo kwa siku kumi mfululizo bila kuchoka. Kama usukani wenu uko kushoto, mwendeshaji haoni mbele ya lori analotaka kulipita; jicho la pembeni ndilo linaloona, na likisema «bado», ni bado.

Mpaka huo una siri moja nzuri. Umechorwa juu ya mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mvua inayonyesha Lubumbashi hushuka hadi mto Kongo na kumwagika Atlantiki. Mvua inayonyesha ng'ambo, kilomita chache tu, huingia mto Kafue, kisha Zambezi, ikaishia Bahari ya Hindi. Mtaufuata mto Kafue kwa siku mbili nzima bila kuuona sana, ukiwa mwembamba karibu na Chingola na Kitwe, kisha mpana na mzito mtakapouvuka kusini mwa Lusaka. Sisi tulipiga maji yake mara mbili, mbali na madaraja, tukaziweka picha hizo mbili ukurasa mmoja wa albamu.

Pitieni Chililabombwe, Chingola na Kitwe bila kukawia, mfike Ndola mchana. Kwa mwanga wa jioni, kuanzia saa 10, nendeni nje kidogo ya mji mahali ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, usiku wa kuamkia tarehe 18 mwezi wa tisa 1961, alipokuwa akija kuzungumza na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga, kuhusu vita vya Katanga. Ni bustani tulivu yenye miti na jiwe la kumbukumbu. Kwa mtu wa Lubumbashi si utalii wa kawaida. Ni ukurasa wa historia yetu ulioanguka ng'ambo ya mpaka, na nadhani kila Mkatanga anayepita Ndola angepaswa kusimama pale kwa nusu saa.

Siku ya pili ni Ndola hadi Lusaka, kilomita 320, kupitia Kapiri Mposhi na Kabwe. Barabara hii inapanuliwa kuwa ya njia mbili, kwa hiyo hesabuni saa za ziada kwa ajili ya michepuko na vumbi, na msiwahi kuiendesha usiku. Sehemu nzuri za kusimama ni vibanda vya wauza asali, viazi na matikiti. Lusaka lalieni tu.

Siku ya tatu ni kilomita 475 hadi Livingstone. Ondokeni kabla ya jua. Baada ya kuuvuka Kafue mtafika njia panda: kushoto ni Chirundu, kulia ni Mazabuka na Livingstone. Vilima vya Munali vikishapitwa, mashamba ya miwa ya Mazabuka hufunguka, na kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi mwanga hupita chini juu ya majani ya miwa ukayafanya kama maji. Hapo tumieni kusimama kwenu mara mbili kati ya zile tano. Kisha Monze, Choma, Kalomo na Zimba, mfike Livingstone alasiri, mkaoge na kulala. Msiende kwenye maporomoko jioni hiyo mkiwa mmechoka, mtayaona vibaya.

Mbele ya maporomoko

Jina Mosi-oa-Tunya maana yake ni moshi unaonguruma, na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kwa neno la kwanza. Ni la Wakololo, waliokuwa wakitawala sehemu hizo David Livingstone alipofikishwa hapo kwa mtumbwi mwezi wa kumi na moja 1855. Watonga, ambao ni wenyeji, wanapaita Shungu Namutitima.

Fikeni lango linapofunguliwa. Asubuhi jua liko mashariki, na upande wa Zambia ni ncha ya mashariki ya maporomoko, kwa hiyo ukitazama kandokando ya korongo kuelekea magharibi jua liko mgongoni mwako na upinde wa mvua uko mbele yako. Hilo ndilo sharti lake daima: lipe jua mgongo, tafuta kivuli cha kichwa chako, na upinde utakuwa duara kukizunguka kivuli hicho kwa umbali wa nyuzi 42. Juu ya ardhi tambarare nusu yake hufichwa na ardhi yenyewe, lakini hapa unasimama juu ya korongo, manyunyu yako chini ya miguu yako, na upinde huonekana ukishuka hadi shimoni, wakati mwingine karibu duara zima.

Anzeni na picha za mbali mkiwa wakavu, mkamalizia na daraja la waenda kwa miguu la Knife Edge, ambalo ni mahali pa kulowa. Mimi nilifanya kinyume. Nilikimbilia Knife Edge kwanza, nikapiga picha tatu, na kufikia ya nne kioo cha ndani kilikuwa na ukungu. Kosa halikuwa la maji peke yake. Kamera ilikuwa imekaa kwenye gari lenye hewa baridi, nikaitoa ghafla penye joto na unyevu, na mvuke ukaganda ndani ya lenzi kama unavyoganda kwenye chupa ya soda. Nilikaa kwenye jiwe dakika arobaini nikingoja ukungu uondoke, na jua likapanda. Tangu siku ile tunazima kiyoyozi nusu saa kabla ya kufika, na begi la kamera tunalifungua polepole, zipu nusu, kisha yote.

Kuhusu mipangilio, maji yanaweza kusomwa kwa njia mbili. Mkitaka matone yaonekane kama punje za kioo, tumieni kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde au zaidi. Mkitaka yaonekane kama pazia la hariri, wekeni stendi na sekunde nusu hadi moja, mkiwa na kichujio cheusi kwenye lenzi kwa sababu mchana mwanga ni mwingi mno. Mimi huipenda ya kwanza kwa maporomoko haya, kwa kuwa nguvu yake ni kishindo, na hariri hulitia usingizi jambo lisilolala. Kwenye simu, gusa sehemu nyeupe ya maji, shusha mwanga kidogo, kisha piga. Ukiiacha simu iamue, maji huungua yakawa karatasi tupu.

Daraja la reli la 1905 lina urefu wa mita 198 na liko mita 128 juu ya mto. Hili linaruhusiwa kupigwa picha kama kivutio, na ofisi ya uhamiaji upande wa Zambia hutoa kikaratasi cha kwenda hadi darajani na kurudi. Simameni katikati, treni ikipita mngoje pembeni, na mkumbuke kwamba reli iliyo chini ya miguu yenu ndiyo iliyopanda hadi kwetu.

Angalizo la nyani: wanajua sauti ya plastiki. Chakula kibaki garini, na begi lisiwekwe chini hata mkiwa mnapiga picha ya pamoja.

Mto wakati wa machweo

Mashua za jioni huondoka kwenye gati zilizo juu ya maporomoko karibu saa 10 jioni, na safari huchukua kama saa mbili. Ziko kubwa za ghorofa zenye chakula, vinywaji na muziki, na ziko ndogo za watu wanane au kumi. Kwa picha, lipieni ndogo hata kama ni ghali zaidi. Mashua kubwa huwa na watu wanaotembea, sakafu hutetemeka, na haisogei kando ya ukingo. Ulizeni mambo mawili kabla ya kutoa pesa: kama nahodha huzima injini akikuta wanyama, na kama mnaweza kuhama kiti.

Mashua ikipanda mto kuelekea magharibi, Zambia huwa kulia na Zimbabwe kushoto. Mwezi wa saba jua la jioni huwa kaskazini-magharibi, kwa hiyo wanyama walio ukingo wa kushoto wanapata mwanga usoni na walio kulia wanakuwa vivuli. Saa ya kwanza kaeni kushoto. Saa ya mwisho hamieni mbele.

Stendi iacheni hotelini. Mtetemo wa injini huipanda na kuharibu kila kitu. Shikeni kamera mikononi, viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni na si kuegemezwa kwenye chuma cha mashua, na kasi ya shata isishuke chini ya 1/500. Kwa furukombe anayeshuka kuvua samaki, 1/2000. Kiboko hupigwa anapoibuka, si anapozama: hesabuni dakika chache tangu kichwa kizame, lenzi ikiwa imeelekezwa palepale, na mtasikia pumzi kabla ya kuona pua. Mkono usitoke nje ya mashua kwa sababu yoyote, mamba wapo.

Safari yetu ya tatu tembo sita walikuwa wanavuka kutoka kisiwani. Nahodha alizima injini mbali, tukabaki na sauti ya maji yakigonga ubao. Mkubwa alizama wote, akabaki mkonga tu juu ya maji kama bomba, na ndama nyuma yake ameshikilia mkia wa mama yake, akienda juu na chini. Walipotoka ukingoni, nusu ya chini ya miili yao ilikuwa nyeusi kwa maji na nusu ya juu ya kijivu kwa vumbi, mstari umenyooka kabisa. Mume wangu ndiye aliyekuwa na kamera kubwa kwa zamu yake. Alipiga picha tisa tu, kisha akaishusha akatazama kwa macho. Picha ya saba ndiyo iliyo ukutani kwetu.

Jua likigusa maji, pimeni mwanga kwenye anga pembeni ya jua, acheni mikoma na mashua nyingine ziwe vivuli vyeusi, na msiweke jua katikati ya picha. Likishazama msizifunge kamera. Dakika kumi na tano baadaye anga hugeuka zambarau na mto ukaiga, na wakati huo abiria wengine wanakuwa wameshashika simu kutazama walichopiga.

Usiku wa mwezi mpevu

Hii ndiyo sababu ya kalenda. Usiku wa mbalamwezi hifadhi ya upande wa Zambia hufunguliwa, ili watu waone upinde unaotengenezwa na mwanga wa mwezi ndani ya manyunyu. Ulizeni langoni mchana ule ule saa za kufungua. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua likizama, kwa hiyo nanyi mlio upande wa mashariki, mwezi ukiwa mgongoni, mnautazama upinde magharibi kwenye korongo, sawasawa na asubuhi. Kwa macho huonekana mweupe na hafifu. Kamera ndiyo inayozitoa rangi: stendi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600 au 3200, lenzi ifunguliwe hadi mwisho, sekunde 10 hadi 20. Lengeni lenzi kwenye taa ya mbali kabla, kisha mzime ulengaji wa moja kwa moja. Mmoja anapiga, mwenzake ameshika kitenge mbele ya kioo na kukitoa kwa ishara, kwa sababu manyunyu hayapumziki usiku. Peke yako kazi hii karibu haiwezekani.

Siku moja Chobe, kwa wenye viza

Chobe ni mto na hifadhi ya wanyama ya Botswana, na njia ya kwenda huko hupita mpaka wa Kazungula, ulio kama saa moja magharibi mwa Livingstone. Daraja lake la mita 923, lililofunguliwa mwezi wa tano 2021 mahali pa kivuko, limepinda ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Acheni gari Livingstone mkaende na mwongozaji wa siku moja. Taratibu za gari kwa nchi ya tatu hazilipi. Msibebe nyama mbichi, kwani Botswana huzuia kwa ajili ya magonjwa ya mifugo. Mashua za mto Chobe hukaribia tembo na nyati kuliko zile za Zambezi, na ndege ni wengi zaidi. Kama fedha ni kidogo, lakini, siku hiyo itumieni kwa mashua ya pili ya Zambezi, ya alfajiri, wakati ukungu mwembamba umelala juu ya maji na karibu hakuna mtu.

Droni iacheni nyumbani. Zambia inahitaji kibali cha mamlaka ya anga, na hifadhi ina kibali chake.

Watu, na kazi ya baada ya kurudi

Kibemba mnachokisikia Lubumbashi kitawafikisha Kapiri Mposhi bila shida, na salamu yake hufungua uso wa mtu kabla ya kamera kutolewa. Ombeni ruhusa daima, kwa mzazi ikiwa ni mtoto, na nunueni kitu kama mtu yuko kazini. Mkikataliwa, shukuruni mkaendelee.

Kila jioni, kabla ya kula, nakilini kadi kwenye diski mbili, kila mmoja wenu akilala na yake. Mkifika nyumbani subirini juma moja, kisha mchague picha arobaini pamoja, mkae mezani, kila mmoja akiwa na haki ya kuondoa kumi bila kueleza. Zichapisheni kwa karatasi, kwa sababu simu hupotea. Nyuma ya kila picha andikeni kwa kalamu mahali, tarehe na nani aliyeipiga.

Chapisheni pia nakala za watu mliowaahidi, mziweke ndani ya bahasha ya risiti za gari, kwa kuwa barabara ni ileile. Mama muuza asali kabla ya Kapiri Mposhi aliisubiri yake miezi kumi na mmoja. Tulipompa aliifuta kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi, akaitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa nini tulimpiga upande ule na si upande wenye ndoo mpya, tukampiga tena.